Mwongozo kwa Mratibu Mpya wa Wahudumu wa Kujitolea katika Hospisi, Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa karibuni kazi ya kuratibu wahudumu wa kujitolea katika hospisi mjini Mombasa, awe ametoka katika uuguzi, katika ustawi wa jamii, au katika kazi nyingine kabisa kama ualimu. Hospisi humhudumia mtu mwenye maradhi ambayo hayatarajiwi tena kupona: humtuliza maumivu, huwasaidia jamaa wanaomuuguza, haimwachi hadi siku yake ya mwisho, na baada ya maziko huendelea kuwaangalia waliofiwa. Taaluma yake ndiyo inayoitwa tiba shufaa. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini peke yake, bali yamo pia moyoni, katika mambo ya nyumba na fedha, na katika imani yake. Kenya iliipokea huduma hii kwa kuanzishwa Nairobi Hospice mwaka 1990, na hapa Mombasa tunayo Coast Hospice, katika eneo la hospitali kuu ya rufaa ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Makadara. Daktari na muuguzi hawawezi kuyafikia maumivu yote hayo kwa muda walio nao, kwa hiyo wahudumu wa kujitolea ni sehemu ya tiba yenyewe, na anayewaratibu ana dhamana kubwa kuliko jina la cheo chake linavyoonyesha.

Kazi yako inakaa juu ya ahadi. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mtu atakuja kumkalia Jumanne alasiri huihesabu Jumanne hiyo, na binti yake huipangia safari ya sokoni au usingizi wa saa mbili alioukosa tangu Ijumaa. Kwa mtu mwenye afya, ziara iliyokosekana hulipwa wiki ijayo. Kwa mgonjwa wa hospisi huenda wiki ijayo isimkute. Kwa sababu hiyo naamini kwamba wahudumu kumi na wawili wanaofika siku yao wana faida kuliko hamsini walio kwenye orodha tu, na hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa imani hiyo.

Hatua ya kwanza: Tembea kabla ya kupanga

Usianze kwa kuitisha mkutano. Katika wiki mbili za mwanzo omba ruhusa ya kufuatana na wauguzi wanapokwenda majumbani, na uhakikishe umefika pande zote ambako wagonjwa wako wanaishi, kuanzia vyumba vya ghorofa vya Mji wa Kale vyenye ngazi nyembamba zisizopitisha machela, hadi nyumba za Mtongwe, Mikindani, Kisauni na Miritini. Ramani haikuambii kwamba mhudumu anayeishi Likoni na kupangiwa mgonjwa wa Tudor atavuka kivuko, na kwamba ingawa mwenda kwa miguu halipi chochote, foleni ya jioni inaweza kumla muda wote aliokusudia kuutumia kando ya kitanda. Haikuambii pia ni nyumba ipi haifikiki kwa tuktuk mvua za masika zinapojaza njia maji. Mambo hayo yaandike mwenyewe katika daftari, nyumba kwa nyumba, kwa sababu baadaye ndiyo yatakayoamua nani aende wapi.

Unapokuwa katika ziara hizo, kaa kimya kuliko unavyosema. Angalia muuguzi anavyopiga hodi, anavyomwamkia mwenye nyumba kabla ya kumwendea mgonjwa, anavyomwita mgonjwa kwa jina la heshima alilozoea kuitwa mtaani kwake, iwe ni bibi, mzee, ustadh au mama wa fulani. Angalia pia ni kazi gani zinambakia muuguzi bila kufanywa kwa kukosa muda. Kazi hizo ndizo wahudumu wako watakazozifanya, na ukizijua kwa kuziona hutawabunia wahudumu kazi ambazo hakuna aliyeziomba.

Katika wiki hizohizo jua pia mipaka ya ofisi yako: nani huamua mgonjwa apokelewe, nani hupigiwa simu usiku, fedha za nauli hutoka wapi, na ni muuguzi gani utakayempelekea taarifa mhudumu akirudi na habari ya kutia wasiwasi.

Hatua ya pili: Wajue uliowarithi

Karibu kila hospisi ina orodha ya zamani, na karibu kila orodha ya zamani ina majina ya watu waliohama, waliochoka, au waliojiandikisha siku moja wasionekane tena. Mpigie simu kila mmoja wewe mwenyewe. Usitume ujumbe mmoja kwa kikundi kizima cha WhatsApp. Muulize ni lini alimtembelea mgonjwa mara ya mwisho, nini kilimvunja moyo, na kama angependa kuendelea, kupumzika au kuaga. Mpe nafasi ya kuaga bila kuona haya, maana wapo watu walioacha kimyakimya baada ya mgonjwa wao kufariki bila ya mtu yeyote wa ofisini kuwaambia pole. Ukiisikia habari ya namna hiyo, toa pole hiyo siku hiyohiyo ingawa imechelewa, na uhifadhi alichokueleza kwa ajili ya hatua ya nane.

Hatua ya tatu: Andika kila kazi kwa maneno ya wazi

Mtu akija kujitolea huuliza, “Nitafanya nini?” Jibu la kwamba atawasaidia wagonjwa halitoshi. Andika karatasi fupi kwa kila aina ya kazi, useme inafanyika wapi, inachukua muda gani, na mambo gani hayaruhusiwi. Kwa kawaida zitakuwepo kazi za kumkalia mgonjwa nyumbani ili anayemuuguza apumzike, kumsindikiza kliniki, kumsomea au kumwandikia barua, kupika au kufua katika nyumba iliyozidiwa, kupokea wageni na simu ofisini, na kuwatembelea waliofiwa. Wapo watu wasioweza kukaa na mgonjwa aliye katika hali mbaya lakini ni hodari wa kupanga mafaili au kutafuta michango, na hao wasionekane kuwa wa daraja la chini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana kazi yao waliyopewa na serikali ya kaunti. Shirikiana nao kwa sababu wanazijua nyumba za mtaa, lakini usiwachanganye na wahudumu wako wala usiwaongezee mzigo bila kuzungumza na wanaowasimamia.

Hatua ya nne: Tafuta watu, kisha wachuje kwa upole

Mahali pazuri pa kutafutia ni pale ambapo watu wamezoea kutumikiana: misikiti na makanisa, vikundi vya akina mama, wauguzi na walimu wastaafu, vyuo vinavyofundisha uuguzi na ustawi wa jamii, na jamaa za wagonjwa waliowahi kuhudumiwa. Mwombe imamu au mchungaji akupe dakika chache za kuzungumza mwenyewe badala ya kumwachia asome tangazo, kwa sababu watu watakuwa na maswali ambayo ni wewe tu unayeweza kuyajibu, likiwamo lile la kama saratani inaambukiza. Jibu kwamba haiambukizi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa kula naye, na utakuwa umeifanya kazi ya tiba shufaa hata kabla ya kumpata mhudumu mmoja.

Mahojiano yawe mazungumzo ya watu wawili, mahali penye faragha. Muulize kwa nini amekuja sasa na si mwaka jana. Muulize aliwahi kumuuguza nani, na ilikuwaje. Muulize anafanya nini mtu anapolia mbele yake. Anayesema kwamba humtuliza mara moja na kumwambia asilie atahitaji mafunzo zaidi kuliko anayesema kwamba hukaa naye tu. Aliyefiwa na mtu wa karibu hivi karibuni asikataliwe, lakini aombwe kusubiri. Hospisi nyingi huweka muda wa mwaka mmoja kabla ya kumpeleka kwa mgonjwa, na katika kipindi hicho anaweza kusaidia ofisini akipenda. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda hatoki, na miezi minne na siku kumi zake ziheshimiwe bila maswali.

Jihadhari na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayetaka kumwongoa mgonjwa, awe wa dini yoyote. Nyumba ya mgonjwa si mahali pa kuhubiri, na mtu aliye dhaifu kitandani hana nguvu ya kukataa. Wa pili ni yule anayeuza kitu, iwe dawa za miti shamba, virutubisho au bima. Ukiwa na shaka juu ya mmoja wao, usimpokee. Utaweza kumweleza sababu kwa adabu, ila mgonjwa atakayetumiwa hataweza kujitetea.

Baada ya mahojiano omba majina ya wadhamini wawili na uwapigie simu kweli, kisha mtake alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kama ada ya cheti inamzuia mtu mzuri, hospisi itafute njia ya kumlipia. Mpe pia hati ya siri aisome na kuitia sahihi mbele yako, ukimfafanulia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na kwamba picha moja ya mgonjwa iliyowekwa mtandaoni kwa nia ya kuombewa dua ni uvunjaji wa siri kama uvunjaji mwingine wowote.

Hatua ya tano: Mafunzo

Hapa usiharakishe. Panga mafunzo katika siku kadhaa za Jumamosi badala ya kuyasongamanisha katika siku mbili, kwa sababu mambo yanayofundishwa yanagusa misiba ya kila mtu na yanahitaji muda wa kutulia. Muuguzi afundishe sehemu ya mwili: kunawa mikono, kuvaa glovu, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, jambo ambalo kwa asiyeweza kujigeuza hufanywa takriban kila saa mbili, na kumsaidia kunywa bila kupaliwa.

Mofini ipewe kipindi chake peke yake. Ndiyo dawa kuu ya maumivu makali, na hapa kwetu wagonjwa wengi huipata ikiwa ya maji, ya kunywa, inayotolewa kwa kawaida kila baada ya saa nne. Jamaa wengi huiogopa, wakidhani kwamba itamfanya mgonjwa awe mraibu au itamharakishia kifo, na kwa hofu hiyo humpunguzia kipimo usiku wakati maumivu yanapozidi. Mhudumu wako ajue kwamba dawa hiyo ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiui, kwamba hufunga choo na kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha, na kwamba usingizi wa siku za mwanzo huelekea kupungua mwili unapoizoea. Lakini ajue zaidi ya hayo kwamba si kazi yake kupima dawa, kuongeza wala kupunguza. Kazi yake ni kusikia hofu ya jamaa na kumpigia muuguzi simu. Chupa iwekwe mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na katika mji huu ambao vijana wengi wameangamizwa na unga wa kulevya hakuna haja ya kueleza kwa nini. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki hurudishwa hospisi, na jamaa waelezwe hivyo mapema na muuguzi.

Kipindi kirefu kuliko vyote kiwe cha maneno. Watu wanaogopa kwamba watasema jambo baya, na kwa hofu hiyo husema mengi. Wafanyishe mazoezi, wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mgeni wake. Mgonjwa anapouliza, “Mwanangu, mimi nitapona?” mhudumu asimwambie atapona, wala asimwambie hatapona. Anaweza kusema, “Bibi, unaonaje wewe mwenyewe?” kisha anyamaze asikie jibu, kwa sababu mara nyingi anayeuliza swali hilo anajua, na anachotafuta ni mtu wa kulizungumza naye bila kukimbia. Anaweza pia kusema, “Swali hilo ni kubwa kwangu, na daktari wako analiweza. Je, nimwambie unataka kuzungumza naye?” Akisema ndiyo, taarifa ifike siku hiyohiyo.

Lipo na jambo la jamaa wanaomficha mgonjwa ugonjwa wake, nalo ni la kawaida sana katika nyumba zetu. Mtoto mkubwa humshika mhudumu mlangoni na kumwambia, “Tafadhali dada, mama hajui ni saratani, usimwambie.” Jamaa hawafanyi hivyo kwa ubaya, wanamhurumia mama yao. Mhudumu asibishane mlangoni wala asiahidi kusema uongo. Aseme kwamba yeye hatatangulia kulitaja jambo hilo, kwamba mgonjwa akimuuliza hatamdanganya bali atamwelekeza kwa muuguzi, na kwamba hospisi ingependa kukaa na jamaa walizungumze. Mkutano huo wa jamaa huandaliwa na muuguzi au daktari, nao hufungua mengi yaliyokuwa yamejifunga, kwa maana mama naye pengine amekuwa akiwaficha watoto kwamba ameshajua.

Mwishoni mwa mafunzo wafundishwe dalili za siku za mwisho, ili zisiwashtue: kulala zaidi, kuacha kula na kunywa, mikono na miguu kuwa ya baridi, pumzi kukatikakatika na kurudi, na sauti ya mkoromo kooni. Jamaa wengi hudhani kwamba mgonjwa anakufa kwa sababu hali chakula, wakamlazimisha uji. Mhudumu anaweza kuwasaidia kwa kuwaonyesha kumlowesha midomo kwa kitambaa chenye maji, kitendo ambacho huwapa mikono yao kazi bila kumpalia mgonjwa. Ajue pia kwamba katika nyumba ya Waislamu wakati huo jamaa hutaka kumlaza kuelekea kibla, kumsomea Yasini na kumtamkisha shahada, na katika nyumba ya Wakatoliki watamwita padri kwa mpako wa wagonjwa. Kwa hiyo mhudumu ajue lini apishe, na namba ya simu ya imamu au padri wa familia iwe imeandikwa katika faili tangu ziara ya kwanza.

Hatua ya sita: Mpangie kila mgonjwa mtu anayemfaa

Uoanishaji mbaya huiua ahadi mapema. Anza kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini, kabla ya kuangalia nani ana nafasi. Kisha tazama jinsia: katika nyumba nyingi za mji huu mwanamume asiye maharimu, yaani asiye ndugu wa karibu ambaye hawezi kumwoa, hawezi kukaa peke yake na mgonjwa mwanamke, na hata pale ambapo dini si sababu, mama mzima ataona haya kusaidiwa na kijana kufika msalani. Tazama lugha. Mzee aliyezungumza Kiswahili maisha yake yote ya kazi anaweza kurudi katika Kigiriama, Kidigo, Kitaita au Kikamba akiwa katika maumivu, na mhudumu anayeielewa lugha hiyo ni neema kwake. Tazama umbali, kwa kutumia daftari lako la wiki za mwanzo, na epuka kadiri uwezavyo kumvusha mtu kivuko.

Tazama pia ujirani, na hapa tumia busara. Kuwa karibu ni faida ya nauli, lakini mgonjwa anaweza asitake jirani wa mlango wa pili kujua siri za nyumba yake. Mimi hupendelea mhudumu wa mtaa wa pili au wa tatu: karibu kiasi cha kufika kwa miguu, mbali kiasi cha kutokutana na jamaa wa mgonjwa kila siku dukani.

Ziara ya kwanza nenda naye wewe au muuguzi. Mtambulishe kwa jamaa wote waliopo, taja siku na saa atakayokuja, na uliza mbele yao wote kama wameridhika. Baada ya wiki mbili piga simu nyumbani na uulize tena, mara hii bila mhudumu kusikia.

Hatua ya saba: Ratiba na nauli

Ratiba iwe ya mwezi mmoja na iandikwe mahali pamoja. Kila ziara iwe na mtu wa akiba, anayejua kwamba ni wa akiba. Mhudumu anayeona hatafika apige simu kwako, si kwa mgonjwa, na asubiri umjibu. Wewe ndiye utakayempigia mgonjwa na kumwambia nani anakuja badala yake. Katika kikundi cha WhatsApp majina ya wagonjwa yasitajwe kamwe. Tumia alama ambazo mmekubaliana.

Mwezi wa Ramadhani hutangulia takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo uangalie mapema. Wahudumu waliofunga wanafaa zaidi asubuhi, na wasio Waislamu wanaweza kuchukua zamu za alasiri na za magharibi, wakati nyumba zinajiandaa kufuturu. Wakati wa Krismasi na Pasaka wabadilishane. Mpango huu, mahali nilipouona ukifanyika, umewaunganisha wahudumu kuliko sherehe yoyote ya ofisi.

Kuhusu nauli nitasema kwa ufupi: irudishwe yote, kila wiki, kwa M-Pesa, bila kumfanya mtu aiombe. Kujitolea ni kutoa muda na moyo. Mtu wa Jomvu anayeishi kwa kibarua akitumia fedha zake za chakula kwenda kwa mgonjwa ataacha, na ataacha bila kukuambia sababu. Mhudumu naye asimpe mgonjwa fedha wala asipokee. Nyumba ikiwa haina chakula, aeleze ofisini, na afisa wa ustawi wa jamii atafute msaada usiomfanya mgonjwa awe mdeni wa mgeni wake.

Hatua ya nane: Watunze wanaotunza

Mpigie mhudumu simu jioni ya ziara yake ya kwanza. Kisha wakusanye wote mara moja kila mwezi, kwa saa mbili zisizo za matangazo, kila mmoja aseme alichokutana nacho. Wahudumu hawakuajiriwa wala hawana likizo, na wengi hawawezi kuyasema majumbani kwao waliyoyaona kwa sababu wameapa kutunza siri. Chumba hicho ndicho mahali pao pekee pa kusemea.

Mgonjwa akifariki, mhudumu wake ajulishwe na wewe, kwa sauti, kabla ya kusikia mtaani au kusoma ujumbe. Usimwambie akiwa kazini au njiani ikiwa unaweza kusubiri. Kwa kuwa maziko ya Kiislamu hufanyika haraka, mara nyingi siku ileile, lazima uwe na utaratibu wa kufikisha habari ndani ya saa chache, ama sivyo atakosa kumzika mtu aliyekaa naye miezi. Muulize kama angependa kwenda mazikoni au kwenda kuhani, na umpatie mtu wa kufuatana naye. Usimpe mgonjwa mwingine kabla hajakuambia yuko tayari. Atakayesema yuko tayari kesho yake asubuhi mwombe akae kidogo.

Hatua ya tisa: Nyumba iliyofiwa

Huduma haikomi mazikoni. Siku za matanga nyumba hujaa watu, na wahudumu hawana haja ya kusongamana humo zaidi ya kutoa mkono wa rambirambi. Upweke huja baadaye, wageni wakishatawanyika, mikeka ikishakunjwa na sufuria za kuazima zikirudishwa kwa wenyewe. Panga simu katika mwezi wa kwanza, na ziara katika mwezi wa tatu na karibu na mwaka. Mjane aliye edani atembelewe na wanawake, kwa miadi, na ziara hizo zina thamani ya pekee kwa sababu yeye hawezi kuwatokea watu. Usiwasahau waume waliofiwa na wake zao. Hawana eda, hutarajiwa kurudi kazini mapema, na mara chache huulizwa wamelalaje; mhudumu mwanamume mwenye umri wa kulingana nao, atakayekaa nao barazani kwa kahawa, hufanya kazi ambayo ofisi haiwezi.

Hatua ya kumi: Mpaka unapovukwa

Itatokea kwamba mhudumu ametoa dawa, amesimulia habari za mgonjwa, au amekosa mara tatu bila kupiga simu. Zungumza naye peke yake, ndani ya siku mbili, ukiwa na jambo mahususi mkononi. Kosa la kutojua hurekebishwa kwa kumfundisha tena. Kosa la kumdhuru au kumnyanyasa mgonjwa, au la kumwibia, humwondoa siku hiyohiyo, na taarifa huenda kwa mkuu wa hospisi. Kwa anayekosa mara kwa mara kwa sababu ya shida za maisha, mbadilishie kazi au mpumzishe. Mwache aondoke akiwa na heshima yake, na barua ya shukrani yenye kutaja miaka aliyotumikia.

Hatua ya mwisho: Ripoti ya miezi mitatu

Mwisho wa mwezi wa tatu mpelekee mkuu wako ripoti ya kurasa mbili. Usiijaze idadi ya waliojiandikisha. Andika ziara ngapi ziliahidiwa, ngapi zilifanyika, na kwa kila iliyokosekana andika sababu yake, iwe ni kivuko, mvua, nauli iliyochelewa, ugonjwa wa mtoto au kosa la ratiba. Andika maneno mawili matatu ya jamaa, kwa idhini yao na bila majina. Sababu zikipangwa pamoja utaona zile zinazoweza kuondolewa kwa fedha kidogo, na hizo ndizo utakazoziombea. Kama hospisi yenu huadhimisha Siku ya Dunia ya Hospisi na Tiba Shufaa, inayoangukia Jumamosi ya pili ya Oktoba, ripoti ya Septemba iwahi kabla ya kamati kugawa bajeti ya maadhimisho, na ombi la nauli za wahudumu liwe kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya fulana na mahema.